Nguvu ya Gari Iliisubiri Rejeta

Kabla ya lami kukamilika kati ya Dar es Salaam na Tunduma, utingo wa lori alikuwa na vitu viwili vya kazi: kabari ya mti na debe la maji. Kabari ilikuwa ya kuzuia gurudumu lori likishindwa mlima. Debe lilikuwa la rejeta. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 11, 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupita Tanzania kwa malori, mengi yakiwa Fiat, katika barabara ya vumbi na matope iliyokuja kuitwa njia ya jehanamu. Pale kwenye mlima wa Kitonga lori lilipanda kwa gia nzito, mwendo wa mtu wa miguu. Injini ilitumia nguvu zake zote wakati upepo wa kuipoza ulikuwa mdogo kuliko mahali pengine popote safarini. Hapo maji yalichemka, utingo akaruka chini na debe lake.

Historia ya gari kwa kawaida husimuliwa kwa nguvu na kasi: farasi wangapi, kilomita ngapi kwa saa, nani alishinda mbio zipi. Naona wasimulizi hao wanaanzia katikati. Karibu kila mara injini ilipopata nguvu mpya, alitangulia mtu aliyejua namna ya kulitoa joto lake nje. Injini kubwa zilikuwa rahisi kuzichora kwenye karatasi. Kuzizuia zisijichome zenyewe ndiko kulikochukua miaka.

Hesabu yenyewe inakatisha tamaa. Katika injini ya kawaida ya petroli, nishati iliyomo kwenye mafuta hugawanyika takriban mafungu matatu: fungu moja linafanya kazi ya kusukuma gari, la pili linatoka na moshi, la tatu linaingia kwenye kuta za silinda na hedi. Gesi inayowaka mle ndani hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini ya pistoni huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni inapona kwa sababu kila mwako ni wa kitambo kidogo mno na ukuta wa silinda unapozwa bila kukoma. Upozaji ukisimama kwa dakika chache, oili inapoteza utelezi wake, pistoni inatanuka na kubana, hedi inapinda, gasketi inaungua, na maji yanaingia kwenye oili mpaka inageuka rangi kama chai ya maziwa. Fundi akichomoa kijiti cha oili akaiona rangi hiyo, hahitaji kuuliza swali la pili.

Karl Benz alilijua tatizo hili tangu mwanzo. Gari lake la magurudumu matatu, aliloliombea hataza mjini Berlin Januari 29, 1886, lilikuwa na silinda moja na nguvu isiyofika farasi mmoja. Hata hivyo silinda hiyo ilihitaji kuzungushiwa maji. Hakuweka rejeta. Aliyaacha maji yachemke, mvuke ukapanda angani na joto likaenda nao. Mbinu hiyo si ya kuchekwa, maana lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto zaidi ya mara tano ya lile linalohitajika kuyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa barafu hadi kwenye kuchemka. Kasoro yake ni kwamba maji yanakwisha.

Mkewe, Bertha Benz, ndiye aliyeonja kasoro hiyo barabarani. Agosti 1888 alilichukua gari hilo pamoja na wanawe Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Njiani, katika mji wa Wiesloch, alinunua ligroini kwenye duka la dawa ili kuendeshea injini, na watu hadi leo hupenda kuliita duka hilo kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Lakini kilichowasimamisha mara kwa mara siku ile ni maji. Kila palipokuwa na kisima, kijito au nyumba ya wageni, walisimama kujaza. Vituo hivyo vya maji havikuwekewa kibao.

Wenzao wa Cannstatt, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walijaribu njia nyingine. Gari lao la magurudumu ya chuma, lililooneshwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1889, lilikuwa na fremu ya mabomba, na maji ya injini yalipitishwa ndani ya mabomba hayohayo ili yapoe kabla ya kurudi. Fremu ya gari, kwa maneno mengine, ndiyo ilikuwa rejeta. Kwa injini ndogo ilitosha. Injini zilipokua, magari mengi yalirudia suluhisho la kivivu: tangi kubwa la maji na mabomba marefu. Gari likabeba mzigo wa maji kama vile lenyewe ni la kuuza maji mtaani.

Maybach alikuwa yatima aliyelelewa katika nyumba ya watoto huko Reutlingen, na ndiko Daimler alikomkuta. Mwaka 1897 aliunda rejeta ya mirija: chombo cha maji kilichotobolewa na kupitishwa mirija mingi ya duara, hewa ikipita ndani ya mirija na maji yakiizunguka kwa nje, feni ikisaidia kuvuta upepo. Ilikuwa hatua nzuri, ila mirija ya duara ikipangwa pamoja huacha mapengo makubwa ya maji katikati. Maji yaliyo mbali na ukuta wa mrija hayapoi haraka. Yanazunguka tu na joto lake.

Jibu lake la mwaka 1900 ndilo ninaloliona kuwa siku ya kuzaliwa kwa gari tunalolijua. Badala ya mirija ya duara alitumia ya pembe nne, yenye milimita 6 kwa 6, akaipanga 8,070 bega kwa bega na kuilehemu, huku kati ya mrija na mrija ikibaki nafasi nyembamba sana ya maji kupita. Ukiitazama kwa mbele unaona sega la nyuki, na jina hilo ndilo lililoishika. Kila tone la maji sasa lilikuwa karibu kabisa na chuma kilichopigwa na upepo. Maji yaliyohitajika yalipungua kutoka lita 18 hadi takriban 9. Feni nyuma ya rejeta iliendelea kuvuta hewa hata gari lilipokwenda polepole.

Rejeta hiyo iliwekwa kwenye gari aliloliagiza Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Nice, kusini mwa Ufaransa, na kuuzia matajiri magari ya Daimler. Jellinek alitaka gari refu, la chini, lenye nguvu kubwa, na alitaka liitwe jina la binti yake, Mercédès. La kwanza alikabidhiwa Desemba 22, 1900. Lilikuwa na silinda nne, ujazo wa lita 5.9 na nguvu ya farasi 35. Machi 1901, katika wiki ya mbio za Nice, magari hayo yaliwaacha wapinzani nyuma, hata katika mashindano ya kupanda mlima wa La Turbie. Kupanda mlima ndiyo kazi ambayo gari la maji mengi na upozaji dhaifu huiogopa kuliko zote. Waandishi wa siku zile walisifu injini, fremu na umbo. Rejeta ilitajwa pia, lakini naamini haikupewa haki yake: kutoka chini ya farasi mmoja hadi 35 katika miaka 15, bila ile mirija 8,070 injini hiyo ingekuwa sufuria tu ya kuchemshia maji.

Kuanzia hapo rejeta ikahamia mbele ambako upepo ni mwingi, ikawa sura ya gari. Ile pua ya Rolls-Royce yenye umbo la hekalu la Kigiriki ilianza ikiwa ganda la rejeta. Hata leo kuna magari ya umeme yanayotengenezewa wavu wa uongo pale mbele, kwa kuwa mnunuzi amezoea gari liwe na uso.

Sega la nyuki lilikuwa ghali, na lilipovuja lilikuwa balaa, maana viungio vyake vya lehemu vilikuwa maelfu. Watengenezaji wa magari ya bei nafuu waligeuza mpango: maji yapite ndani ya mirija, hewa ipite nje katikati ya mapezi membamba ya chuma. Mpango huo ndio tulio nao hadi leo. Viwanda vya rejeta peke yake vikachipuka: Behr mjini Stuttgart mwaka 1905, Harrison huko Lockport katika jimbo la New York mwaka 1910, Modine huko Racine, Wisconsin, mwaka 1916.

Henry Ford, kwa ubahili wake maarufu, alikwenda mbali zaidi. Model T ilipoanza mwaka 1908, magari yapatayo 2,500 ya kwanza yalikuwa na pampu ya maji. Kisha Ford akaiondoa. Maji ya moto ni mepesi, yatapanda yenyewe kutoka kwenye injini hadi juu ya rejeta; yakipoa yatakuwa mazito, yatashuka na kurudi chini ya injini. Hakuna pampu, hakuna cha kuharibika. Magari zaidi ya milioni 15 yaliuzwa kwa mtindo huo hadi mwaka 1927, na dereva wa Model T alizoea kuona mvuke ukitoka mbele yake mlimani. Maji yakipungua chini ya bomba la juu, mzunguko wote husimama, kwani hakuna kinachoyasukuma.

Kwa kuwa kwenye dashibodi hakukuwa na mshale wa joto, biashara ikazaliwa. Boyce MotoMeter, iliyopata hataza miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa kipimajoto kilichosimikwa juu ya mfuniko wa rejeta, dereva akikisoma kupitia kioo cha mbele. Mapambo mengi yaliyokuja kukaa juu ya pua za magari yalirithi mahali pake.

Wapo waliotaka kuachana na maji kabisa. Charles Kettering, mhandisi wa General Motors aliyekuwa amelipatia gari la Marekani stata ya umeme, aliamini kwamba rejeta, pampu, mipira na maji ni mzigo usio na maana. Akabuni Chevrolet yenye silinda zilizovalishwa mapezi ya shaba, zikipozwa kwa hewa ya feni. Shaba hupitisha joto vizuri sana; kwenye karatasi hesabu ilikubali. Ilipofika barabarani mwaka 1923, injini zilipata joto kupita kiasi, zikapoteza nguvu, zikagonga. Yalitengenezwa magari 759 tu kabla kampuni haijayaita yote yarudi. Yaliyosalia duniani ni ya kuhesabika, na moja lipo Dearborn, katika jumba la makumbusho la mpinzani wao mkubwa, Henry Ford. Sijui kama kuna kicheko kirefu kuliko hicho katika historia ya viwanda.

Wazo la kupoza kwa hewa halikufa na Kettering. Ferdinand Porsche alilitumia kwenye Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe na injini nyuma, akaongeza feni yenye nguvu na kipoza oili ndani ya njia ya upepo. Oili ilifanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kwingine hufanywa na maji. Afrika Mashariki ililiona jambo hili mapema. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na Volkswagen isiyo na tone la maji ilishinda mwaka 1954, 1957 na tena 1962, katika barabara ambazo jiwe moja lingeweza kutoboa rejeta ya mwenzako katikati ya pori. Wapo wazee wa Nairobi ambao hadi leo watakwambia gari bora ni lile lisilonywa maji.

Basi kwa nini hewa ilishindwa mwishowe? Kwa sababu ya moshi na makelele. Sheria za hewa chafu zilidai joto la silinda lidhibitiwe kwa usahihi ambao upepo hauwezi, na hedi zenye valvu nne kwa silinda zina pembe ambazo feni haizifikii. Kampuni ya Porsche yenyewe, iliyoishikilia imani hiyo kuliko wote, iliacha kutengeneza 911 ya kupozwa kwa hewa mwaka 1998.

Turudi kwenye maji, na twende mahali ambako hayapo. Ralph Bagnold alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza aliyepelekwa Misri katika miaka ya 1920, akatumia likizo zake kuvuka mchanga wa jangwa la Libya kwa magari ya Ford. Gari likizama mchangani injini inalia kwa nguvu huku gari halisogei, na maji yanachemka. Kumwaga mvuke jangwani ni kumwaga uhai wa mtu. Bagnold aliziba njia ya kawaida ya kumwagikia, akaunganisha bomba kutoka kwenye rejeta hadi kwenye kopo lililofungwa ubavuni mwa gari, likiwa na maji baridi nusu. Mvuke uliingia ndani ya maji hayo ukageuka maji tena. Kopo lenyewe lilipoanza kuchemka, dereva alijua muda wa kusimama umefika. Aligeuza pua ya gari ielekee upepo, akasubiri. Rejeta ilipopoa, hewa ndani yake ilisinyaa, na maji yakavutwa kutoka kwenye kopo yakarudi yenyewe kwa mlio wa kugugumia. Kwa kopo hilo magari yalisafiri siku nyingi bila kuongeza maji, na mwaka 1940 Bagnold alipounda kikosi cha kupeleleza jangwani dhidi ya Waitalia, malori yake yalikwenda na vikopo hivyo.

Fungua boneti ya gari lolote lililoegeshwa nje ya ofisi yako. Ile chupa ya plastiki karibu na rejeta, yenye alama mbili za juu na chini, ni kopo la Bagnold. Wengine walikuwa na wazo la namna hiyo kwa wakati wao, lakini simjui aliyelithibitisha kwa ukali kama huo.

Ndege nazo zilisukuma mambo mbele kwa haraka, kwani kila kilo na kila upinzani wa hewa angani una bei. Supermarine S.6B, iliyoshinda kombe la Schneider la mbio za ndege mwaka 1931 kwa kilomita zaidi ya 547 kwa saa, haikuwa na rejeta ya kuchomoza hata kidogo: ngozi ya mabawa yake ilikuwa ya tabaka mbili, na maji ya injini ya Rolls-Royce yenye zaidi ya farasi 2,300 yalipita katikati. Ndege ya vita haiwezi kufanya hivyo, kwani risasi moja kwenye bawa ingemaliza kila kitu. Wahandisi wakageukia glaikoli, kimiminika alichokitengeneza kwanza mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, ambacho huchemka karibu nyuzi 197. Kikipozea injini, rejeta inaweza kuwa ndogo, sababu tofauti ya joto kati yake na hewa ni kubwa. Lakini glaikoli tupu hubeba joto kidogo kuliko maji, hupenya kwenye viungio ambako maji hayapenyi, tena huweza kushika moto. Injini ya Merlin ya ndege ya vita ya Spitfire ilianza nayo tupu, ikaishia kwenye mchanganyiko uliokuwa maji zaidi, chini ya shinikizo. Mhandisi Meredith wa Farnborough naye alionyesha mwaka 1935 kwamba rejeta ikifichwa ndani ya njia iliyochongwa vizuri, hewa inayopashwa moto mle hutoka kwa kasi na kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Mustang ya Wamarekani ilinufaika na hilo kuliko ndege zote.

Magari yalirithi mambo mawili kutoka kwenye jitihada hizo: mchanganyiko wa maji na glaikoli, ambao tunauita kulanti, na shinikizo.

Shinikizo linakaa kwenye mfuniko wa rejeta. Chukua mfuniko wa Toyota uliopoa, usome maandishi yaliyogongwa juu yake: 0.9, au 1.1. Hicho ndicho kiasi cha shinikizo ambacho springi ya ndani itakishikilia juu ya shinikizo la hewa ya kawaida, na kwa kiasi hicho maji yaliyokuwa yachemke kwenye nyuzi 100 husubiri mpaka karibu 120. Katikati ya mfuniko kuna valvu ndogo ya pili inayofunguka kuelekea ndani ili kuyarudisha maji kutoka kwenye chupa gari likipoa. Ikiganda, mpira wa juu wa rejeta utaukuta umenyong'onyea asubuhi.

Kwetu mfuniko huo ni muhimu kuliko Ulaya. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, huchemka karibu na 94. Gari lenye mfuniko uliochoka linaweza kutembea Mombasa bila lalamiko, likachemsha kwenye miinuko ya Limuru, mwenyewe akaanza kumlaumu aliyemuuzia petroli. Na kwa kuwa maji yale yamezuiwa yasichemke hali yamepita nyuzi 100, mtu anayefungua mfuniko wa moto anayaruhusu yachemke yote kwa mara moja usoni pake. Vitengo vya majeruhi wa moto vinawajua watu hao.

Kiungo kingine cha miaka ya 1930 ni themostati ya nta. Sergius Vernet, mhandisi aliyefanya kazi Marekani, alikijaza kikopo cha shaba nta iliyochanganywa na unga wa shaba. Nta ikiyeyuka hutanuka, inasukuma kijiti, mlango unafunguka na maji yanaruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Ikipoa springi inaurudisha. Hakuna umeme wala akili ya kompyuta, na inafanya kazi vilevile leo, nyingi zikianza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88.

Na hapa lazima niwaseme mafundi wetu. Desturi ya kuchomoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto na kifaa hicho ni cha baridi ya Wazungu, imeenea Dar, Nairobi, Kampala hadi Bujumbura. Hoja hiyo ni potofu. Themostati iko pale ili injini ifike upesi kwenye joto lake la kazi na ikae hapo. Injini inayotembea ikiwa baridi hunywa mafuta zaidi, petroli isiyoungua huteremka kwenye oili, na kuta za silinda huchakaa mapema. Kibaya zaidi, katika injini nyingi, nyingi za Toyota zikiwemo, themostati ina sahani ya pili ambayo ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haionani tena na rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huweza kuchemsha kwa sababu hiyohiyo.

Mafundi hao hao, kwa upande mwingine, walikuwa na ujuzi ambao viwanda vimeuua. Rejeta ya shaba inatibika. Fundi wa lehemu wa Gerezani mjini Dar, Grogan mjini Nairobi au Katwe mjini Kampala aliyeyusha lehemu ya tangi la juu kwa moto, akalitoa, akapitisha bapa refu la chuma kwenye kila mrija mmoja mmoja kuukwangua kutu na chokaa, akalirudisha tangi na kulilehemu upya. Kisha aliziba midomo yote, akaitumbukiza rejeta kwenye pipa la maji, akapuliza hewa ndani na kutazama mapovu yanatokea wapi. Palipotoka povu palipakwa asidi, pakapigwa lehemu. Rejeta ya lori iliweza kuzeekea mikononi mwake.

Baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970, uzito wa gari ukawa adui, na alumini ikaingia. Alumini ilikuwa imesumbua muda mrefu kwa sababu dawa za kuiungia ziliacha chumvi zilizoila baadaye. Kampuni ya Alcan ya Kanada ilileta, kuelekea miaka ya 1980, dawa iliyoitwa Nocolok isiyo na ulaji huo, rejeta nzima ikiungwa kwa mkupuo mmoja ndani ya tanuri la nyuzi zipatazo 600 lililojazwa naitrojeni. Matangi yakawa ya plastiki, yakibanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira. Ni nyepesi, ni rahisi, na plastiki yake ikizeeka hupasuka pasipo onyo. Lehemu haishiki plastiki. Fundi wa pipa la maji amebaki kuuza rejeta mpya kutoka China, au kupaka gundi ambayo yeye mwenyewe haiamini.

Wengi walidhani umeme ungeifunga habari hii. Haukuifunga, umeihamisha. Betri ya lithiamu hupenda joto lililo chini kidogo ya lile la mwili wa binadamu. Ikizidi hapo kwa muda mrefu inachakaa upesi. Nissan Leaf ilipotoka mwishoni mwa 2010 haikuwa na mfumo wa kimiminika wa kupoza betri, wakati Chevrolet Volt ya mwaka huohuo ilikuwa nao. Mwaka 2012 wenye Leaf katika joto la Arizona walianza kuona vibao vya uwezo wa betri vikizimika kimoja baada ya kingine kabla ya wakati, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo huo. Leaf zilizotumika za aina hiyo zimefika Nairobi pia, na mnunuzi mjanja huhesabu vibao 12 kabla ya kuuliza bei. Tesla nayo, katika Model Y ya mwaka 2020, ilikusanya mabomba ya betri, mota na kiyoyozi kwenye valvu moja yenye njia nane, ili joto lililotupwa na kimoja litumike na kingine. Maybach angekaa nayo mchana kutwa.

Hata haibridi ndogo kama Toyota Aqua, zilizojaa kwenye foleni zetu, zina upozaji wao: feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia wavu mdogo karibu na kiti cha nyuma. Abiria huufunika kwa mkoba au koti, vumbi likaziba kichujio, betri ikapata joto, kisha mwenye gari anaambiwa betri za haibridi haziwezi nchi za joto.

Basi, msomaji, kabla hujaanza safari ndefu ya sikukuu, fanya mambo machache injini ikiwa baridi. Tazama kiwango cha maji kwenye chupa ya pembeni. Bonyeza mipira ya rejeta uone kama imekuwa migumu au imevimba. Kama gari lako ni haibridi, safisha ule wavu wa nyuma. Weka kulanti halisi. Maji ya bomba huleta chokaa na kutu. Halafu mwambie fundi afungue akuonyeshe themostati kwa macho yako. Akisema aliitoa, mwambie airudishe: bei yake ni ndogo sana kuliko ya kupiga gasketi ya hedi.